Ukingo wa Chuma Kinene na Mambo Yanayouharibu

Ukingo wa chuma kinene kilichokatwa kwa moto una mistari. Mistari hiyo hushuka kutoka uso wa juu wa pleti hadi chini, na kila mmoja ni alama ya chuma kilichoungua, kikayeyuka na kupulizwa, kisha moto ukasonga hatua nyingine. Kwenye bati la milimita 2 kidole hakiihisi. Kwenye milimita 12 jicho linaiona, na ikifika milimita 20 au 25, mkato ulioachwa ujiendee unatoka na makovu, vishimo, na mavi ya chuma yaliyoganda kwenye ukingo wa chini. Hapo ndipo fundi huchukua grainda na kumaliza diski nzima kwa kazi ambayo mkato safi usingeihitaji. Grainda huficha kosa tu. Pleti ya pili itatoka vilevile, kwa sababu kilichoharibu ile ya kwanza hakijaguswa.

Kaunti za Kisii na Nyamira nchini Kenya hutumia chuma kinene cha namna hii kwa wingi. Viwanda vya chai vilivyo chini ya KTDA, shirika la chai ya wakulima wadogo, kama Sanganyi, Kebirigo, Tombe na Nyansiongo upande wa Nyamira, na Kiamokama, Itumbe na Ogembo upande wa Kisii, vina boila, feni na mitambo ya kusafirishia majani, na sehemu nyingi zinazoishikilia mitambo hiyo hukatwa kwenye pleti. Nguzo za chuma za maghala na vituo vya petroli husimama juu ya vikalio vya pleti. Mashine za kusaga mahindi, za kukatakata majani ya ng'ombe na za kufyatua matofali ya saruji zote zina vipande vya namna hiyo. Karakana za jua kali kuanzia Suneka hadi Keroka huvikata kwa tochi ya gesi, na penye kompresa na umeme wa kutosha, kwa plazma. Leza zenye nguvu ya kupenya milimita 20 ziko zaidi Nairobi, kwenye Industrial Area, zaidi ya kilomita 300 kwa barabara. Fundi wa Kisii anayezihitaji hutuma mchoro kwa simu, na vipande humfikia kwa gari.

Umbali huo una maana yake. Aliyekata kwa leza haoni kipande kikiunganishwa, na anayekiunganisha hakuona kikikatwa. Wanachoshiriki ni ukingo peke yake, na ukingo husema mengi kwa anayejua kuusoma.

Leza, kwa chuma kinene cha kawaida, haifanyi kazi peke yake. Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza nchini Marekani mwezi Mei 1960, na Kumar Patel akaunda ile ya kaboni dioksidi katika maabara za Bell mwaka 1964. Bado mwanga huo haukuwa chombo cha karakana. Mwezi Mei 1967, Peter Houldcroft wa taasisi ya uchomeleaji iliyo karibu na Cambridge, Uingereza, aliupitisha mwale wa leza ya wati 300 ndani ya nozeli pamoja na mkondo wa oksijeni, akakata bati la chuma la milimita 1. Mwale uliwasha moto, oksijeni ikauchochea na kuisukuma nje takataka yake. Mashine za leo zina kilowati 6, 12 au zaidi, lakini kwa pleti nene ya chuma cha kawaida inayokatwa kwa oksijeni kanuni haijabadilika. Joto jingi hutoka kwenye kuungua kwa chuma chenyewe, na mwale huongoza njia. Kwa hiyo fundi wa tochi ya gesi aliyeielewa oksijeni yake si mgeni kamwe mbele ya leza.

Chuma hukatika kwa oksijeni kwa sababu ya viwango vitatu vya joto. Kikifika karibu nyuzi 900 za Selsiasi, kikiwa chekundu cha kung'aa lakini bado kigumu, huwaka kikikutana na oksijeni safi. Oksidi inayozaliwa na moto huo huyeyuka kwenye nyuzi 1,370 hivi. Chuma chenyewe huyeyuka kwenye 1,538. Takataka huwa maji kabla chuma hakijayeyuka, ikatiririka na kuacha ukingo umesimama. Stenlesi haina bahati hiyo: kromi iliyomo huzaa oksidi ambayo haiyeyuki hadi zaidi ya nyuzi 2,200, nayo hufunika chuma na kuuzima moto. Ndiyo maana tochi ya gesi hushindwa na stenlesi, na leza huikata kwa kuiyeyusha na kuipuliza kwa naitrojeni yenye presha ya zaidi ya baa 10. Anayepeleka stenlesi na chuma cha kawaida kwenye mashine moja kwa mpangilio mmoja atapata ukingo mbaya mahali fulani.

Ukingo husomwa kuanzia mistari. Ikiwa imesimama karibu wima, imekaribiana na haina kina, mkato ulikwenda sawa. Ikiwa imepinda kurudi nyuma kadiri inavyoshuka, moto wa chini ulikuwa unachelewa kuufuata wa juu: kasi ilizidi, au joto na oksijeni havikutosha kufika chini. Cheche husema hayo hayo kazi ikiendelea. Zikianguka wima au zikibaki nyuma kidogo tu, ni sawa. Zikifagia nyuma sana, kasi ipunguzwe. Kasi ndogo kupita kiasi nayo ina alama zake. Mkato hupanuka, chuma cha pembeni huanza kuungua chenyewe bila kungoja mwale, na nusu ya chini hutafunwa vishimo. Leza ya kilowati 6 kwenye pleti ya milimita 20 kwa kawaida huenda chini ya mita 1 kwa dakika. Tochi ya gesi kwenye unene huo huenda polepole zaidi, sentimita 30 hadi 50 kwa dakika, na mkono wa binadamu hauwezi kuishika kasi hiyo bila kuyumba. Reli ya kuegemezea tochi, hata ya pembe ya chuma iliyobanwa kwa klampu, huondoa nusu ya ubaya wa ukingo kabla gesi haijaguswa.

Ncha ya juu iliyoyeyuka na kuwa mviringo huonyesha moto wa kupasha uliokuwa mkubwa mno, au nozeli iliyokaribia mno. Mavi ya chuma yanayobaki chini yana tabia mbili. Yale yanayotoka kwa pigo moja la tindo si tatizo kubwa. Yale yaliyoshikana na pleti hata yakahitaji grainda yana chuma kilichoyeyuka bila kuungua sawasawa, na hapo pa kuulizwa ni oksijeni, kasi au pleti yenyewe.

Alama inayopuuzwa zaidi ni ukingo ulio mzuri upande mmoja na mbaya upande wa pili. Kasi na presha zinagusa pande zote kwa pamoja, kwa hiyo haziwezi kulaumiwa. Kwa leza, alama hiyo humaanisha kwamba mwale haupiti katikati ya tundu la nozeli, na oksijeni inamwagika upande mmoja zaidi. Waendeshaji hulipima jambo hilo kwa kubandika selotepu mdomoni mwa nozeli na kupiga mwale kwa kitambo kifupi. Tundu dogo la selotepu lisipokuwa katikati ya duara la nozeli, kichwa hurekebishwa. Kwa tochi ya gesi, kisababishi huwa ni nozeli iliyochubuka au yenye tundu lililoziba kiasi. Wapo mafundi wanaozibua nozeli kwa msumari au waya wowote uliookotwa sakafuni. Tundu huacha kuwa duara, mkondo wa oksijeni hutoka umepinda, na tangu siku hiyo kila mkato una kovu lile lile. Sindano maalumu za kusafishia zipo na si ghali; zikikosekana, ni heri nozeli mpya kuliko msumari.

Plazma haifuati kanuni hii ya pande mbili. Gesi yake huzungushwa ndani ya tochi, na kwa mzunguko wa kawaida wa saa upande wa kulia wa safari ndio unaotoka wima, wa kushoto ukabaki na mshazari wa nyuzi chache. Hakuna kilichoharibika hapo. Umbo la nje likatwe kwa kufuata mwendo wa mshale wa saa, matundu ya ndani kinyume chake, na mshazari wote utabaki kwenye chuma cha kutupwa.

Kwa pleti nene, tatizo kubwa mara nyingi si mashine. Pleti nene nyingi huingia Kenya kutoka nje, na nyingine hupatikana kwenye chuma chakavu. Pleti mpya huwa na ngozi ya rangi ya kijivu iliyotokana na kuviringishwa ikiwa moto kiwandani. Ngozi hiyo ikishika sawasawa, mwale hupita bila taabu. Ikibanduka hapa na pale, au kutu ikiingia chini yake baada ya pleti kulala nje miezi miwili ya mvua, mwale hukutana na uso tofauti kila sentimita, moto huruka, na ukingo hutoka na vishimo visivyo na mpangilio. Vishimo visivyo na mpangilio ni alama ya pleti. Vishimo vinavyorudi kwa umbali ule ule ni alama ya mashine, aghalabu gia au reli yenye mchezo. Kabla ya kugeuza skrubu yoyote, njia ya mkato ipigwe brashi ya waya na rangi ya zamani ikwanguliwe.

Chuma chakavu kina fumbo la ndani pia. Springi za lori, ambazo mafundi wa jua kali hupenda kuzigeuza kuwa nyundo za mashine ya kusaga, zina kaboni nyingi kuliko pleti ya kawaida, karibu asilimia 0.5 hadi 0.6. Zikikatwa kwa moto na kupoa haraka, ukingo hugeuka mgumu hata ukavunja keekee ya kutobolea, na wakati mwingine hufanya nyufa nyembamba zisizoonekana mpaka nyundo ipasuke ndani ya mashine. Chuma cha aina hiyo hupashwa moto kwanza, kwa nyuzi 200 hadi 300, kisha huachwa kipoe polepole, kikifukiwa kwenye majivu au mchanga mkavu. Kukitupa kwenye maji ili kazi iendelee upesi ni kujitafutia hasara, na ni hatari kwa atakayesimama mbele ya mashine hiyo.

Baada ya pleti ni oksijeni. Kwa kukata hutakiwa usafi wa angalau asilimia 99.5, na leza hutaka zaidi. Usafi ukishuka kwa asilimia 1 tu, hadi 98.5, kasi ya kukata hupungua kwa karibu robo. Ukikaribia 95, kukata hukoma na kinachobaki ni kuyeyusha tu. Ikiwa ukingo uliokuwa mzuri asubuhi umeharibika baada ya mtungi kubadilishwa, na hakuna kingine kilichoguswa, mtungi ndio mshukiwa. Mpira unaovuja huleta tatizo hilo hilo, nao hukaguliwa kwa povu la sabuni. Mafuta na grisi visiguse kamwe mtungi, regyuleta wala nozeli ya oksijeni, kwa sababu oksijeni yenye presha inaweza kuviwasha bila kiberiti.

Kosa kubwa zaidi katika jambo hili la oksijeni hufanywa kwa nia njema. Mkato ukianza kuharibika, mkono wa fundi hukimbilia presha na kuiongeza, akidhani gesi nyingi itasukuma takataka vizuri. Kwa leza kwenye chuma kinene, kinyume chake ndicho kweli. Bati jembamba hukatwa kwa presha ya baa kadhaa, lakini milimita 20 huhitaji chini ya baa 1, kwa nozeli yenye tundu pana. Oksijeni ikizidi, moto hautulii ndani ya mfereji wa mwale. Hutanuka pembeni na kula chuma ambacho mwale haukukigusa, na ukingo wa chini hugeuka pango. Tochi ya gesi inastahimili presha kubwa kuliko hiyo, ila nayo ina kikomo kilichoandikwa kwenye jedwali la kila nozeli kulingana na unene. Jedwali hilo likibandikwa ukutani huokoa gesi nyingi. Upande wa asetilini una mpaka wake usiovukwa: presha isizidi baa 1, mtungi usimame wima, na gesi isitolewe kwa haraka kiasi cha kuvuta asetoni iliyomo ndani.

Lenzi na mahali mwale unapokutanikia ni sehemu ya leza ambayo tochi haina. Kwa oksijeni na chuma kinene, kitovu cha mwale huwekwa juu kidogo ya uso wa pleti, ili mfereji uwe mpana na gesi ifike chini. Kwa naitrojeni na stenlesi huzamishwa ndani ya pleti. Nusu ya juu ikitoka laini na ya chini ikachanika, kitovu hicho ndicho cha kwanza kuangaliwa, pamoja na kioo cha kukinga lenzi, ambacho vumbi na cheche hukifunika taratibu. Leza za nyuzi za kioo, zilizoenea sasa, zina mwale mwembamba kuliko za kaboni dioksidi. Hukata haraka sana bati jembamba, lakini kwa pleti nene wembamba huo ni mzigo, na mwendeshaji hulazimika kuupanua mwale kwa makusudi.

Kona na matundu hudhuru mkato hata kila kitu kikiwa sawa. Kwenye kona mashine hupunguza mwendo ili igeuke, joto hujikusanya kwenye ncha, na ncha huungua. Dawa yake iko kwenye mchoro: kona iwe na mviringo mdogo, au mwale upite nje ya kona na kurudi kwa kitanzi, au nguvu ishushwe pamoja na kasi. Tundu dogo kuliko unene wa pleti ni la kukwepwa. Pleti ya milimita 20 inayotakiwa tundu la milimita 12 itobolewe kwa keekee, na leza iachiwe kazi ya kuweka alama ya katikati tu. Mahali moto unapoanzia pana kovu daima, kwa hiyo mwanzo huwekwa kwenye sehemu itakayotupwa, kisha mwale huingia kwenye mstari ukiwa umeshatulia.

Milima ya Gusii, yaani nchi hii ya Kisii na Nyamira, inaongeza yake. Kisii mjini pako mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na presha ya hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 18 kuliko Mombasa. Kompresa iliyoandikiwa kiasi fulani cha hewa kwa vipimo vya pwani huleta hewa pungufu juu huku, na plazma inayoitegemea hufa njaa bila geji kuonyesha wazi. Kompresa inunuliwe kubwa kuliko kitabu kinavyotaka. Mvua nyingi huleta unyevu, nao hugeuka maji ndani ya tangi. Maji yakifika kwenye tochi hula elektrodi na nozeli mapema, na mkato huanza kuyumba. Tangi lifunguliwe kila asubuhi maji yatoke, na kichujio cha kukausha hewa kisionekane kama anasa. Mvua hiyo huja na radi, na umeme unaopanda na kushuka katikati ya mkato huacha kovu pale pale ulipotikisika. Kazi ndefu ya pleti nene ni afadhali ianze asubuhi, kwa kuwa ngurumo za nchi hii hupenda alasiri.

Ukingo ukishakuwa mzuri, bado una ngozi nyembamba ya oksidi iliyoachwa na oksijeni. Rangi ikipakwa juu yake hushika ngozi hiyo wala haishiki chuma, na ngozi ikibanduka hubanduka na rangi yake. Geti lililokatwa na kupakwa siku moja huanza kutoa kutu kwenye kingo kabla ya mahali pengine popote. Plazma ya hewa huacha naitrojeni ndani ya ukingo, nayo hutoa mapovu kwenye weldi. Kwa vyote viwili, ukingo hupitishwa grainda kidogo kabla ya rangi au kuchomelewa. Hapo grainda ina kazi yake halali.

Utafutaji wa kosa una utaratibu mmoja usiokwepeka: kibadilishwe kitu kimoja kwa wakati mmoja, kwenye kipande cha majaribio cha pleti ile ile. Mraba mdogo wenye tundu katikati unatosha, kwa kuwa una pande nne, kona nne na mianzo miwili, na kila moja hujibu swali lake. Anayegeuza kasi, presha na nozeli kwa pamoja anaweza kupata mkato mzuri asijue aliupataje, na kesho atauanza upya.

Wapo wateja wanaodai ukingo wa kioo kwa kila kipande, jambo ambalo ni gharama bure. Kiwango cha kimataifa cha ISO 9013 hupima mikato ya moto kwa mambo mawili hasa, wima wa ukingo na kina cha mistari yake, na kugawa kila jambo kwa madaraja, kwa sababu kikalio cha nguzo kitakachofunikwa na zege hakihitaji daraja la gia. Anayeagiza pleti kukatwa Nairobi, au kwa fundi wa jirani, na aandike unene, aina ya chuma, matundu yatakayotobolewa baadaye, ukingo utakaoonekana na ule utakaochomelewa. Kipande kikifika kabla hajakilipia chote, akigeuze na kukitazama upande wa chini, kwa kuwa makosa mengi ya chuma kinene huko ndiko yalipo.